Bahari ya Kujipepea

Februari, Mombasa, saa nne usiku. Stima zimepotea, feni imezima, na mimi nimekaa barazani nikijipepea kwa kipande cha katoni. Mkono wa pili umeshika simu. Chaji imebaki asilimia 18, na badala ya kuihifadhi kama mtu mwenye akili zake, napitia picha za makumbusho moja ya ng'ambo. Ndiyo tabia yangu nikikosa usingizi. Hapo ndipo nikakutana na picha yenye umbo la ajabu.

Haikuwa mraba wala duara. Ilikuwa kama yai pana lililolazwa, na chini katikati limebonyea kidogo. Ndani yake kulikuwa na bahari: buluu nzito kule mbali kwenye upeo wa macho, buluu nyepesi ikija ufukweni, matanga meupe, kilima kimoja. Msanii: Utagawa Hiroshige, Japani, karne ya 19. Lakini kilichonishika si bahari. Ni mistari myembamba iliyoanzia pale palipobonyea na kutawanyika kwenda juu, kama mishipa ya jani la mpapai. Nikadhani kioo cha simu kimepasuka. Nikapitisha kidole. Kioo kizima.

Mistari ilikuwa kwenye karatasi yenyewe. Zilikuwa alama za mbavu za mwanzi. Kabla ya kufika makumbusho, picha ile ilikuwa kipepeo. Si yule mdudu, la, kile cha kujipepea. Kuna mtu alikishika mkononi kwenye joto kama hili langu, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Nikautazama mkono wangu wenye katoni, nikacheka peke yangu gizani.

Tangu usiku ule nimekuwa nikizifuata picha hizi, na kadiri ninavyozisoma ndivyo zinavyonirudisha kwenye jambo moja la nyumbani ambalo sikuwa nimepanga kulifikiria. Nitafika huko. Kwanza tuanze na kipepeo.

Wajapani wana vipepeo vya aina mbili kuu. Kuna kile kinachokunjwa na kufunguliwa, ambacho labda umekiona kwenye filamu. Kingine hakikunjiki, kinaitwa uchiwa, na ndicho kilichokuwa cha kila siku. Chukua kipande kimoja cha mwanzi. Upande wa juu unaupasua kuwa njiti nyembamba, makumi kadhaa, kisha unazitandaza na kuzifuma kwa uzi zisirudi pamoja. Upande wa chini unauacha mzima, ndio mpini. Halafu unabandika karatasi mbele na nyuma. Ile karatasi yenye picha inaitwa uchiwa-e. Ilichapwa kwenye mstatili wa kama sentimita 23 kwa 29, kisha ikakatwa kufuata umbo la kipepeo.

Edo, jiji ambalo leo tunaliita Tokyo, lilikuwa na watu karibu milioni moja, na kiangazi chake ni cha joto la unyevu, lile la shati kushika mgongo. Msimu ukifika, wachuuzi walipita mitaani na vipepeo vipya. Unachagua picha unayoipenda, unakitumia hadi kichakae, unakitupa, mwakani unanunua kingine. Fikiria kava ya simu. Hakuna anayeiandikia kava ya simu wasia.

Na ule uchapaji wenyewe, hebu uusikie. Msanii anachora kwenye karatasi nyepesi. Karatasi hiyo inabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, na mchongaji anachonga akipitia kwenye mchoro wenyewe, mstari kwa mstari, hadi mchoro unaisha. Yaani mchoro wa asili unakufa siku ile ile picha inapozaliwa. Baada ya hapo kila rangi inapata ubao wake. Mchapaji anapaka rangi, analaza karatasi, anasugua mgongo wake kwa kifaa cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Ile buluu inayofifia kutoka nzito hadi nyepesi haikuchongwa popote. Mchapaji aliifuta rangi kwenye ubao kwa mkono, kisha akachapa, na akarudia tena na tena kwa kila nakala. Ukiitazama bahari ya Hiroshige, sehemu unayoisifu zaidi huenda ni kazi ya mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Hiroshige mwenyewe alizaliwa Edo mwaka 1797, kwenye familia ya maafisa wadogo wa kuzima moto katika eneo la ngome ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi. Jiji la mbao na karatasi, unaweza kukisia kazi ilivyokuwa. Mwaka 1809 akafiwa na mama na baba, mwaka mmoja. Akairithi kazi ya babake akiwa kijana wa miaka 12 hivi. Muda si mrefu akaingia kwenye karakana ya msanii Utagawa Toyohiro, na kwa miaka mingi akawa mzima moto anayejifunza kuchora. Umaarufu ulimjia baadaye sana, mwaka 1833 na 1834, alipotoa picha za vituo 53 vya barabara ya Tokaido, ile inayofuata pwani kutoka Edo kwenda Kyoto. Kwa vipepeo pekee alichora mamia ya picha. Kazi ya msimu, kazi ya kulipa kodi ya nyumba, lakini ukizitazama huoni mtu anayelipua.

Sasa tuje kwenye buluu, maana hapa ndipo kipepeo kinaacha kuwa kitu kidogo.

Zamani wachapaji wa Edo walipata buluu kutoka kwenye mimea. Moja ilikuwa nzuri lakini ikiona jua na unyevu inafifia, na nyingine ilikuwa ngumu kuifikisha kwenye ule ung'avu wa maji. Mwanzoni mwa karne ya 18, kule Berlin, mtengenezaji wa rangi aliyekuwa akitafuta rangi nyekundu alipata buluu kwa bahati. Ilikuwa kali, haikufifia upesi, na kidogo tu kilitosha. Ikasafiri kwa meli, ikaletwa Japani na wafanyabiashara wa Kiholanzi na wa Kichina. Wajapani wakaiita bero, kutokana na hilo jina Berlin. Kwanza ilikuwa ghali. Ilipoteremka bei mwishoni mwa miaka ya 1820, unajua nani walioichangamkia mapema? Watu wa vipepeo. Mwaka 1829 msanii Keisai Eisen alichorea muuzaji wa vipepeo wa Edo picha za mandhari kwa buluu hiyo peke yake, bila rangi nyingine, na watu wakazigombania. Ukifikiri, ni akili ya biashara tupu: kitu cha kupoza mwili, ukipake rangi ya maji. Jicho linapoa kabla ya shingo.

Lile Wimbi Kubwa la Hokusai, ambalo umeliona kwenye tisheti, kwenye vikombe na kwenye kuta za mikahawa ya Nairobi, lilikuja kama miaka miwili baadaye, karibu mwaka 1831, likiwa na buluu hiyo hiyo. Kabla ya wimbi, kulikuwa na kipepeo.

Lakini kuna kitu kilichonisumbua. Watu hawa walioishika bahari mkononi walikuwa wamekatazwa kuivuka.

Mwaka 1635 serikali ya shoguni ilipiga marufuku Mjapani kwenda nje ya nchi. Ukitoka halafu urudi, adhabu ilikuwa kifo. Wareno wakafukuzwa mwaka 1639. Mwaka 1641 Waholanzi wakahamishiwa Dejima, kisiwa cha kutengenezwa kwenye bandari ya Nagasaki, chenye upana wa kama mita 120 kwa 75, kikiunganishwa na mji kwa daraja moja lenye walinzi. Kwa zaidi ya karne mbili, Wazungu wote walioruhusiwa kuishi Japani kwa ajili ya biashara waliishi pale. Na umbo la kisiwa hicho, sitanii, ni la kipepeo kilichokunjuliwa. Tafuta ramani yake uone. Kuna hadithi ya kale kwamba shoguni alipoulizwa kisiwa kiwe na umbo gani, alifungua tu kipepeo chake akaonyesha. Hadithi ni hadithi, lakini umbo ni la kweli. Sehemu ya ile buluu ya Berlin iliingia Japani kupitia mlango wenye umbo la kipepeo, ikaishia kwenye vipepeo.

Hata ndani ya nchi hukusafiri utakavyo. Ulihitaji kibali, na barabara kuu zilikuwa na vituo vya ukaguzi, wanawake wakikaguliwa zaidi. Sababu iliyokubalika kwa wepesi ilikuwa ibada: unakwenda kuzuru hekalu. Ndiyo maana sehemu moja inarudi tena na tena kwenye picha za Hiroshige, nayo ni Enoshima, kisiwa kidogo umbali wa kama kilomita 50 kutoka Edo, chenye pango na mungu wa kike Benzaiten, mlezi wa muziki. Wanamuziki wanawake walikwenda huko kwa makundi na walimu wao. Maji yakipwa, ukanda wa mchanga unatokeza na unavuka kwa miguu. Yakijaa, unasubiri, au unatafuta mtu wa kukuvusha. Mtu yeyote aliyekulia pwani anaijua hesabu hiyo.

Ibada ilikuwa ya kweli, na matembezi yalikuwa ya kweli. Kwenye picha za Enoshima unawaona wanawake na miavuli wakitembea ufukweni, wakipiga gumzo, mlima Fuji umejikalia kule nyuma. Nilipoanza nilitaka kuziona kama kilio cha watu waliofungiwa. Nikaziangalia tena na tena na sikuona kilio. Niliona watu walioipata siku moja ya kutoka nyumbani, na mtu mwingine aliyebaki mjini akanunua siku hiyo kwenye kipepeo. Ukilijua joto la chumba kimoja cha kupanga, hutamcheka.

Siasa ilikuwa pale, ila iliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1842 serikali, katika kampeni ya kubana matumizi na kurudisha maadili, ilikataza picha za waigizaji maarufu na za makahaba wa madanguro ya kifahari. Hao ndio waliokuwa wakiuza picha kuliko kitu chochote. Wachapishaji walilazimika kutafuta vitu visivyomuudhi mkubwa: visa vya kale, watoto, mandhari. Ufuko haumtukani mtu. Na kila picha, hata ya kipepeo, ilipaswa kupitishwa na kupigwa muhuri wa mkaguzi. Kichekesho ni kwamba mihuri hiyo ndiyo inayotusaidia leo kujua picha nyingi ni za mwaka gani, kwa sababu mtindo wake ulibadilika kila baada ya miaka kadhaa. Aliyekuja kuchunga ndiye aliyeacha tarehe.

Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani ziliingia kwenye ghuba ya Edo, na lile zuio la karne mbili likaanza kubomoka. Mwaka 1858 mikataba ya biashara ilisainiwa. Mwaka huo huo kipindupindu kilitua Nagasaki pamoja na meli, kikapanda hadi Edo, na watu wakafa kwa wingi kiasi cha majeneza kukosekana. Hiroshige alifariki mwezi Oktoba mwaka ule, akiwa na umri wa miaka 61, na inasemekana ni ugonjwa huo uliomchukua.

Nilipofika hapo nilisimama. Ninaijua tarehe hiyo kutoka mahali pengine. Mwishoni mwa 1858 na mwanzoni mwa 1859, kipindupindu kilipita kwenye pwani yetu pia, Zanzibar na Kilwa, na wasafiri walioshuhudia waliandika. Lilikuwa wimbi moja kubwa la maradhi lililozunguka dunia katika miaka ile, likipanda majahazi huku na merikebu kule. Bahari iliyoleta buluu ndiyo iliyoleta kifo, Edo na kwetu, katika msimu karibu mmoja. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mchoraji wa Japani na watu wa Kilwa wangeweza kuwa na msiba wa aina moja.

Sasa swali lililonileta. Kama vipepeo vilitupwa kila mwaka, hizi picha tunazoziona makumbusho zimetoka wapi?

Jumba la makumbusho la Victoria and Albert kule London lina zaidi ya picha 100 za vipepeo za Hiroshige. Ukizitazama kwenye mtandao, nyingi ni safi. Rangi imekaa, karatasi haina kovu. Sababu ni rahisi: hazikuwahi kuwa vipepeo. Ni nakala ambazo hazikubandikwa kwenye mwanzi. Nyingine ziliwekwa na wachapishaji kwenye vitabu vya sampuli, za kumwonyesha mteja. Nyingine zilibaki tu, karatasi tupu zisizofanyiwa kazi. Zile zilizofanya kazi yake, zilizopepea watoto waliolala, zilizofukuza mbu, zilizochochea makaa, ziliisha. Zile chache zenye alama za mbavu, kama ile niliyoiona usiku ule, ni za watu waliozibandua wakati kipepeo kimechakaa, pengine kwa sababu waliipenda picha.

Kwa hiyo tunachokiita historia ya vipepeo vya Edo, kwa sehemu kubwa, kimeandikwa na vipepeo ambavyo havikupepea mtu.

Na hapo ndipo nikamkumbuka nyanya.

Nyanya yangu alikuwa na kipepeo cha ukindu, alichokisuka mwenyewe. Ukingo mmoja ulikuwa umeungua kwa sababu alikitumia kwenye jiko la makaa, kisha akakikung'uta majivu na kukitumia kwa mwili wake, kisha kwa mgeni, kisha kwa mjukuu mwenye homa. Mimi nimepepewa nacho. Pia alikuwa na kabati la vioo lenye seti ya vikombe vya maua alivyoletewa kutoka Arabuni. Sijawahi kuona mtu akinywa kwenye vikombe vile. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuegemea kabati.

Alipofariki, baada ya arubaini, tulisafisha chumba chake. Vikombe vilifungwa kwa magazeti, kimoja kimoja, na dada zake mama wakavigawana, kidogo wagombane. Kipepeo nilikitia mimi kwenye gunia la takataka. Sikusita hata kidogo. Kilikuwa kimeungua, kimechoka, kina harufu ya moshi. Nilidhani nasafisha.

Leo mtu akija kuuliza nyanya yetu alikuwa nani, tutamwonyesha vikombe. Atajifunza kwamba alikuwa mwanamke wa vikombe vya maua.

Sitaki kusema tuweke kila kitu. Nyumba zetu ni ndogo, na vitu vya kutumika vinafaa kutumika hadi viishe. Nadhani kipepeo kilichoisha kwa kupepea kimepata heshima yake. Mwenye kipepeo wa Edo hakukosea kukitupa. Kuna duka kule Nihonbashi, Tokyo, linaloitwa Ibasen, lenye asili ya mwaka 1590, lililowahi kuchapisha picha za vipepeo za Hiroshige, na hadi leo linauza vipepeo. Limeishi kwa sababu watu walivichakaza vya mwaka jana wakarudi kununua. Ninachosema ni kwamba tukiingia kwenye makumbusho, au kwenye kabati la mtu, tukumbuke tunatazama mabaki ya aina gani. Kilichobaki si lazima kiwe ndicho kilichopendwa zaidi. Mara nyingi ni kile kilichoogopwa kuguswa.

Asubuhi baada ya usiku ule nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema hivyo, kuna usalama?"

"Usalama upo. Nauliza, una picha ya kile kipepeo cha nyanya?"

Akanyamaza kidogo. "Kipepeo? Nani apige picha kipepeo, mwanangu?"

Lakini mama ni mama. Jioni akanitumia picha moja kwenye simu, ya Idi ya mwaka fulani, ya familia nzima uani. Vikombe havipo, kabati halipo. Nyanya amekaa pembeni kwenye kigoda, anaangalia kando, haonekani kama anajua anapigwa picha. Nimeikuza picha hadi ikaanza kuvunjika vidotovidoto. Uso wake unaonekana vizuri, leso yake inaonekana, hata maandishi ya leso unaweza kuyafuata. Mkononi, mahali kipepeo kinapofaa kuwa, kuna ukungu wa rangi ya mchanga, kama bawa. Kamera haikuweza kukishika. Alikuwa anampepea mtoto.